Maswali na Majibu: Thamostati katika Gari la Zamani

Nina Toyota Corolla 110 ya mwaka 1998. Lilipoanza kuchemsha kwenye foleni, fundi alitoa thamostati akisema kwamba kwa joto la Dar es Salaam kifaa hicho hakina kazi. Sasa linachemsha hata barabara ikiwa wazi. Je, alikosea? (Msomaji, Mbagala)

Alikosea, ingawa kosa hilo limezoeleka gereji hata linahesabiwa kuwa matengenezo. Thamostati, kifaa kinachofungua na kufunga njia za maji ya kupozea kulingana na joto lake, katika injini hiyo ina vali mbili: kubwa hufungua njia ya rejeta maji yanapopata moto, na ndogo, wakati huohuo, huziba njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupitia rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato hubaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto huzunguka humohumo injinini bila kupozwa. Ndiyo maana vitabu vya matengenezo vya Toyota huonya kwamba thamostati isitolewe hata kama injini ina tabia ya kuchemsha. Irudishe, kisha mtake fundi atafute chanzo chenyewe, ambacho huenda ni feni isiyowaka, rejeta iliyoziba, mfuniko wa rejeta usiobana tena au pampu ya maji iliyochoka. Joto la nje si hoja, kwa kuwa siku ya nyuzi 33 bado iko mbali sana na nyuzi 80 na zaidi ambazo injini hiyo inazihitaji.

Mimi niko Njombe. Gari langu halichemshi kamwe na mshale wa joto hauondoki chini, lakini siku hizi linakula mafuta. Wenzangu wanasema nina bahati.

Hiyo si bahati. Ikiwa mshale wenyewe ni mzima, thamostati imekwama ikiwa wazi, au mtu aliitoa kabla hujalinunua gari: ikiwa haipo, njia ya rejeta nayo hubaki wazi daima, na kwa baridi ya Njombe maji hayafikii joto linalotakiwa. Kompyuta ya injini ikipata taarifa kwamba maji ni ya baridi, huendelea kuongeza petroli kana kwamba gari limewashwa sasa hivi, na sehemu ya petroli hiyo huteremka kwenye kuta za silinda na kuchanganyika na oili. Hita nayo, ambayo kwa Njombe ya mwezi Julai si anasa, hubaki ikipuliza ubaridi.

Nitajuaje kwamba thamostati imekufa kabla ya kununua nyingine?

Ichemshe kwenye sufuria. Subiri injini ipoe kabisa, kwa maana mfuniko wa rejeta ukifunguliwa ungali na moto hurusha maji usoni. Baada ya kuitoa, ining'inize kwa uzi ndani ya maji bila kugusa kitako cha sufuria, na uweke kipimajoto kinachofika nyuzi 100; cha kupimia homa hakifai. Kwa injini ya Corolla tuliyoitaja, vali huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na kufikia nyuzi 95 iwe imepanda milimita 8 au zaidi. Hairuki ghafla: nta iliyo ndani ya kikopo chake hutanuka kidogo kidogo ikiisukuma vali, na mwanya mwembamba huonekana kwanza upande mmoja. Itoe ipoe, uone kama inajifunga barabara. Msomaji wa Nairobi au Njombe akumbuke kwamba kwake maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 95, hivyo asiihukumu kwa milimita moja iliyopungua.

Nimefunga mpya mwenyewe na gari linachemsha. Nimeuziwa mbovu?

Inawezekana, lakini kwanza shuku hewa iliyonaswa. Kwenye ukingo wa thamostati kuna kipini kidogo kinachochezacheza. Kazi yake ni kupitisha hewa wakati wa kujaza maji, kwa hiyo kikae upande wa juu. Gasketi ya mpira iwe mpya na ivishwe kwenye ukingo pasipo kupakwa gundi ya silikoni. Injini ikiwa baridi, weka swichi ya hita upande wa joto, jaza polepole, uiwashe mfuniko ukiwa wazi, na uongeze maji kadiri mapovu yanavyotoka. Maji yakianza kujaa na kumwagika, funga.

Maji ya kisima yanafaa?

Hapana, hasa ya chumvi, kwani madini yake huganda kwenye vali na kuikwamisha. Tumia kulanti (dawa ya maji ya kupozea injini), nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya kuongezea betri. Si tindikali yake.

Ibadilishwe kila baada ya muda gani?

Hakuna muda mmoja kwa magari yote. Mimi huibadilisha kila pampu ya maji inapobadilishwa, kwa kuwa maji yamekwisha kumwagwa, na hununua yenye namba ya joto ileile iliyogongwa kwenye bati la ile ya awali, hata muuza spea akisifu ya namba ndogo kwamba "inapoza zaidi".