Ukiwa na asubuhi moja tu Palermo

Ndugu, umeuliza uingie kanisa lipi la mtindo wa Kiarabu na Kinormani (sanaa ya Waarabu iliyochanganyika na ya Wanormani, watawala waliotoka kaskazini mwa Ufaransa) ukiwa na asubuhi moja tu Palermo, kisiwani Sicily, Italia. Nenda Cappella Palatina, kanisa dogo ndani ya jumba la kifalme la Palazzo dei Normanni, lililoanzishwa na Mfalme Roger II wa Sicily mwaka 1132. Wengi huishia kwenye mozaiki za dhahabu za Kibizanti, yaani za mtindo wa Wakristo wa Konstantinopoli. Wewe inua macho darini: mbao zimechongwa vishubaka vinavyoning'inia, zimechorwa wapiga ala, wanywaji na wanyama, pamoja na dua za heri kwa hati ya Kufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu. Katika kanisa la mfalme Mkristo! Beba darubini ndogo, michoro iko juu sana. Funika mabega. Muda ukibaki, pita kanisa kuu: nguzo moja ya baraza la kusini ina aya ya Kurani.