Nimeficha majina, mbona bado nalaumiwa?

SWALI: Nafundisha Kiswahili kidato cha pili huku Buswelu, Mwanza. Mmoja wa wanafunzi wangu ni mtoto wa mwalimu mwenzangu, kwa hiyo kwenye majaribio wote wanaandika namba badala ya majina. Bado nasikia minong'ono ya upendeleo. Nifanye nini zaidi?

JIBU: Mwalimu, namba hizo umezitoa wapi? Kama ni za daftari la mahudhurio, hujaficha kitu. Muhula haujafika katikati utakuwa umeshazikariri. Hata ukizichanganya, mwandiko wa mtoto unayemsahihishia daftari kila wiki unaujua vizuri tu.

Nikisema hivi hujibiwa, "Mbona Baraza la Mitihani wanatumia namba?" Wanatumia, sawa. Lakini karatasi ya mtahiniwa wa Sengerema inasahihishwa na watu wasiomjua, kila mmoja na swali lake, kwa mwongozo mmoja waliokubaliana kabla ya kuanza. Namba ni kipande kidogo cha utaratibu huo. Shuleni tunachukua namba, mengine tunayaacha, halafu tunajisifu kwamba tumetenda haki!

Anza na mwongozo: hoja ipi ina alama ngapi, na uuandike kabla hujagusa karatasi hata moja. Kisha sahihisha swali la kwanza la darasa zima, changanya karatasi, ndipo uingie la pili. Alama za swali lililotangulia zisikae machoni pako. Mwanasaikolojia Edward Thorndike alionyesha mwaka 1920 kwamba maofisa wa jeshi wakimwona askari mzuri kwa sifa moja humpandishia alama na kwa nyingine. Ndivyo jibu zuri la ufahamu linavyoibeba insha mbovu, na hapo namba haisaidii. Insha ya mtoto wa mwenzako mpe mwalimu wa shule nyingine, ikiwa katikati ya nyingine kadhaa.

Wanaonichosha ni wapenda mkato. Huyu anageuza mtihani wote kuwa wa kuchagua A mpaka D, eti hauna upendeleo. Insha atapima lini? Yule anawapa viranja wasahihishe, kana kwamba viranja hawana marafiki. Na wapo wanaosahihisha kwa haki kabisa, wakafunua majina, halafu wakaanza kugawa alama mbili mbili "za kumtia moyo". Jumlisha, andika kwa wino, mwenzako atie saini, ndipo ufunue majina. Atakayelalamika apitie mwongozo na karatasi yake mbele yako.