Umemaliza PhD, sasa granti ipi itakubakisha kwenye utafiti?

Nimesoma swali la mdogo wetu aliyemaliza PhD ya mbu na malaria. Anasema mkononi ana mambo mawili, ofa ya posdoki (kazi ya utafiti ya muda baada ya PhD) ya miaka miwili Ulaya na nafasi ya kuomba granti, yaani fedha za utafiti, ya watafiti chipukizi akiwa hapa hapa Bongo, anauliza ipi itamfanya awe mtafiti wa maisha na siyo kibarua wa miradi. Waliojibu wengi wameangalia hela tu. Mimi niko kwenye hizi kazi tangu nikiwa afisa utafiti wa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, naomba nijibu kwa urefu kidogo maana hili jambo linaniuma kweli.

Mdogo wangu, kiasi cha hela kiangalie mwisho. Kwanza uliza mshahara wako unalipwa na nani, halafu uliza granti ikifika tarehe ya mwisho wewe pale kwenye taasisi unabaki kama nani. Ukikosa jibu la hilo swali la pili hata upewe milioni mia tano bado unahesabu siku.

Chukua insektari, chumba cha kufugia mbu, ambayo unaijua mwenyewe. Mbu wazima wanataka maji ya sukari kila siku, viluwiluwi wanataka chakula, majike wanataka damu ndio watage, iwe Idd iwe Krismasi iwe Jumapili. Wale mbu wa Kisumu tunaowatumia kulinganisha kwa sababu hawana usugu wa viuatilifu, ukiwaacha bila mtu koloni linaisha haraka sana. Sasa mradi umeisha Desemba na granti nyingine inaanza Julai, hapo katikati fundi wa insektari analipwa na nani? Kuna sehemu nimeshuhudia koloni likifa kwa sababu hiyo tu, fundi aliyekuwa anaijua kila trei keshapata kazi kwenye NGO, na mtafiti mwenyewe, kijana mwenye PhD safi kabisa na pepa zake, akaenda kuwa mratibu wa miradi mjini. Hakuna aliyemfukuza. Ilikosekana miezi sita ya mshahara basi, na miaka yote ile ya kumsomesha ikaondoka naye.

Ndio maana mimi nikifungua tangazo la feloshipi, granti ya mtafiti mmoja mmoja, naruka moja kwa moja kwenye masharti ya taasisi mwenyeji. Mfano EDCTP, ushirikiano wa Ulaya na Afrika wa kufadhili utafiti wa tiba, awamu ya pili, ile iliyoanza 2014, walikuwa na Career Development Fellowship, kiwango cha juu euro 150,000 kwa miezi 36. Ukitoa mshahara, vifaa na safari za fildi siyo hela ya kutisha, lakini mwombaji alikuwa ni taasisi, na wewe ilibidi uwe umeajiriwa nayo au una uhakika wa kuajiriwa nayo. Hicho kipengele kwangu kina thamani kuliko hizo euro. Ipo pia K43 ya Fogarty, kituo kilicho chini ya NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani, kwa watafiti chipukizi wa nchi kama zetu, wao wanataka 75% ya muda wako wa kazi iwe kwenye utafiti na mafunzo ya hiyo granti, na taasisi yako inaandika barua kukubali. Mtu wa chuo anaelewa hapo nasemea nini, una darasa la mwaka wa kwanza la mamia ya wanafunzi, skripti za kusahihisha zimejaa mezani, kamati ya idara, kamati ya kitivo, utafiti unaufanya saa nne usiku watoto wakilala. Mtu kama huyo anaweza kuwa na ajira ya kudumu kabisa na utafiti ukamfia mikononi.

Halafu kuna CARTA, mtandao wa kuwafunza watafiti wa Afrika, ile inayoongozwa na kituo cha utafiti cha APHRC cha Nairobi na chuo kikuu cha Wits cha Afrika Kusini, ilianzishwa 2008, kwa Tanzania wamo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) na taasisi ya afya ya Ifakara. Wao PhD wanampa mtu ambaye tayari ni mfanyakazi wa taasisi mwanachama, na akimaliza kuna hela ya kumsaidia aanze tena utafiti nyumbani. Hii wengi hawaioni umuhimu wake. Ule mwaka wa kwanza baada ya PhD ndio tunapoteza watu wengi, umerudi huna maabara, huna wanafunzi, huna hata hela ya kununua reajenti, zile kemikali za maabara, na ukiagiza zinakaa bandarini zinasubiri vibali huku barafu inayeyuka.

Na tusidharau utaratibu wetu wa zamani wa vyuo. Unamaliza na GPA ya 3.8 na kuendelea, unachukuliwa Tutorial Assistant, unaenda masomoni kwa likizo ya masomo huku mshahara unaingia, unarudi unapanda mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi. Wasweden kupitia Sida, shirika lao la misaada, walishirikiana na UDSM tangu miaka ya 1970, na ule mtindo wa sandwichi, kipande unasoma kule kipande unafanyia utafiti huku, umetuachia maprofesa wengi ambao hawakuhama nchi. Familia iko hapa, data ziko hapa, kiti chako ofisini kipo. Shida yake ni kwamba nafasi zinategemea kibali cha ajira kutoka Utumishi, chuo kinaweza kukutaka kabisa na kibali kisitoke.

Mimi kilichonibakisha ni feloshipi ambayo wala haikuwa kubwa. Ila taasisi ilisaini kwamba miaka miwili ya kwanza mshahara unatoka kwa mfadhili, mwaka wa tatu na wa nne nusu kwa nusu, wa tano taasisi inabeba wote. Nilipojua hivyo akili ilitulia. NSSF inaingia, benki inakukopesha, mwenza wako anaelewa mnajenga wapi. Na kikazi ndio kabisa, nikathubutu kuanza kupima usugu wa mbu kwenye vijiji vile vile msimu kwa msimu, kitu ambacho mtu wa mkataba wa mwaka mmoja hawezi kukigusa maana majibu yake yanataka miaka. Wizara inapoamua chandarua gani kiende mkoa gani inahitaji data za namna hiyo.

Sasa hiyo posdoki ya Ulaya. Ukiwa na sehemu ya kurudi nenda, utajifunza jinomiki, uchunguzi wa jeni zote za kiumbe, na utapata watu wa kuandika nao. Ila usidhani kule ajira ni ya uhakika. Ujerumani sheria yao inaruhusu mikataba ya muda miaka 6 kabla ya PhD na 6 baada, kwa kawaida ukifika hapo kama hujapata nafasi ya kudumu ndio basi, na Juni 2021 watafiti wao walilipuka mtandaoni na hashtegi ya IchBinHanna ("mimi ni Hanna") kwa ajili hiyo hiyo. Waingereza kwenye Future Leaders Fellowships za UKRI, shirika lao la umma la kufadhili utafiti, zilizoanza 2018, wamejaribu dawa, wanatoa miaka 4 na uwezekano wa 3 zaidi, na chuo kinatakiwa kiahidi nafasi isiyo na ukomo. Ni wazo lile lile la nafasi kwanza, hela ifuate.

Kuna kitu kingine vijana hawaulizi kabisa, ovahedi. Hiyo asilimia inayoenda kwa taasisi ndiyo inayoweza kumlipa fundi wa insektari ile miezi ya katikati. Horizon, programu ya utafiti ya Umoja wa Ulaya, inalipa 25%, NIH kwa miaka mingi imezilipa taasisi za nje ya Marekani 8%, na wapo wafadhili hawatoi hata senti. Kwa hiyo ukifika kwenye intavyuu uliza bila woga, taasisi ina mfuko wa kumshikilia mtu kati ya granti na granti? Anaupata nani? Miezi mingapi? Uingereza ilipokata misaada 2021 kutoka 0.7% hadi 0.5% ya pato lake, na USAID ilipofungwa 2025, wenye mfuko kama huo walikuwa na pa kushika.

Fedha za ndani nazo tuziongelee. Umoja wa Afrika ulishaweka lengo la 1% ya pato la taifa iende kwenye utafiti, Kenya kwenye sheria yao ya 2013 wakaandika 2% kwa mfuko wa utafiti, sisi tuna mfuko wetu chini ya COSTECH, tume yetu ya sayansi na teknolojia. Kwa maoni yangu hizi pesa za serikali, hata zikiwa kidogo, zilipe mishahara ya watafiti chipukizi. Vifaa na safari mfadhili wa nje atatoa, anapenda kuvitoa, lakini mshahara wa mwaka wa sita hatakulipia mtu wa nje.

Kwa hiyo mdogo wangu, ningekuwa wewe ningeomba hii ya nyumbani kwanza, na ndani yake niweke miezi kadhaa kwenye maabara ya hao hao Wazungu, wafadhili wengi wanakubali. Wale wa posdoki waandikie uombe wasogeze tarehe ya kuanza, huwa wanaelewa. Ila kabla hujasaini popote isome barua ya taasisi neno kwa neno. Iseme cheo chako ni kipi, muda wa utafiti ni asilimia ngapi, mshahara unahamia lini kwa taasisi na nani amesaini, maana sahihi ya mkuu wa idara peke yake haitoshi, unataka ya mkurugenzi au makamu mkuu wa chuo. Ukiona "taasisi itajitahidi kadiri fedha zitakavyoruhusu" rudisha waandike upya. Ukipata rasimu futa majina uibandike hapa, mimi nitaisoma, na humu kuna wengine wamepitia utumishi na uhasibu wa miradi watakuonyesha vitu ambavyo mimi sitaviona.