Baridi hukukamata ukisimama

Swali la wiki hii: "Nimealikwa na kikundi cha waendesha baiskeli kwenye safari ya kilomita 50 katika majira ya baridi. Njia ni lami, changarawe na vijia vya msituni, na huenda kukawa na theluji. Nijiandae vipi nisiwe mzigo kwa wenzangu?"

Umegusa penyewe uliposema mzigo. Mtu anayekanyaga pedali hujipasha moto mwenyewe. Hata nyuzi 5 chini ya sifuri atatoka jasho akipanda mlima. Kazi huanza kikundi kinaposimama. Jasho linapoa mgongoni, vidole vinakakamaa, na kabla robo saa haijaisha watu kumi wanatetemeka kando ya njia wakimsubiri mmoja anayepambana na pancha. Basi kila unachofunga kwenye baiskeli na kila unachovaa kipime hivi: je, hiki kitawasimamisha wenzangu?

Anza na matairi, maana ndiyo husimamisha watu kuliko kitu kingine chochote. Upana wa milimita 40 hadi 45 wenye meno ya wastani unatosha, ilimradi theluji iwe ya sentimita chache tu au imeshakanyagwa ikashikana. Milimita 33, ambao ndio upana wa mwisho kwenye mashindano ya saiklokrosi (mbio za baiskeli za matopeni na nyasini), unapitika, lakini mashindano yale huisha kwa saa moja hivi na wewe utakaa nje saa nne. Theluji laini inayofika kwenye kifundo cha mguu ni kazi ya matairi manene ya inchi 4 na zaidi, yanayojazwa psi 4 hadi 8 tu (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo wa tairi). Kikundi kikisema kinapita huko na wewe huna, omba udhuru mapema.

Upepo wa tairi ndio wengi wanaoukosea. Hewa hunywea inapopoa: tairi ulilolijaza psi 35 sebuleni kwenye nyuzi 20, likikaa nje kwenye nyuzi 5 chini ya sifuri litasoma karibu psi 31, na halijatoboka popote. Pima basi baiskeli ikiwa imeshapoa nje. Kwa mtu wa kilo 75 mwenye matairi ya milimita 40 yasiyo na tyubu, psi 28 mbele na 32 nyuma ni pazuri pa kuanzia kwenye changarawe. Kwenye theluji iliyoshikana shuka hadi 22 na 25. Mwenye tyubu aongeze psi 5 hivi, la sivyo rimu itaibana tyubu juu ya jiwe na kuacha matundu mawili yanayotazamana. Ukikalia baiskeli, mbavu za tairi la nyuma zitune kidogo bila kukunjamana. Na usijaze kwa ajili ya lami. Jaza kwa ajili ya sehemu mbaya kuliko zote, kisha vumilia uzito kwenye lami. Kutoa upepo ni sekunde chache. Kuurudisha kwa pampu ndogo ya mkono ni kusukuma mara mia na ushei kwa kila tairi, huku unatazamwa.

Pancha yenyewe huenda hivi. Tairi lisilo na tyubu limechomwa na jiwe, majimaji ya kuziba yanafoka badala ya kuganda. Geuza gurudumu tundu liwe chini ili majimaji yalifikie. Yakishindwa, sukuma uzi wa mpira ndani ya tundu kwa sindano yake na uache ncha zake nje. Ukishindwa na uzi, inabidi uweke tyubu, na hapo ndipo nati ya valvu hukuumbua. Kama ilikazwa kwa koleo miezi kadhaa iliyopita, ikashikwa na majimaji yaliyokauka, vidole vilivyopoa haviifungui. Nati isipofunguka valvu haitoki, na valvu isipotoka tyubu haiingii. Ifungue nyumbani jioni ya kuamkia safari, ifute, ipake grisi kidogo, irudishe kwa nguvu ya vidole tu. Hapohapo hakikisha kuna mililita 60 hivi za majimaji katika kila tairi, maana hukauka kimyakimya ndani ya miezi michache. Mtungi wa gesi ya kaboni dioksidi huokoa muda, ila hupoa ghafla kiasi cha kunata kwenye ngozi, kwa hiyo ushike kwa glavu. Gesi hiyo baridi huweza pia kugandisha majimaji yenye mpira, basi pampu usiiache.

Pakitarajiwa barafu tupu, matairi yenye vipini (misumari mifupi) vya chuma kigumu hayana mbadala. Ukiweza kupata moja tu, lifunge mbele: gurudumu la nyuma likiteleza utayumba, la mbele likiteleza uko chini. Yakiwa mapya yaendeshe kilomita 40 hivi kwenye lami bila kufunga breki kwa nguvu, vipini vikae sawasawa kwenye mpira, la sivyo utaviacha njiani kimoja kimoja.

Kuna hitilafu moja ya baridi inayowashangaza wageni: unakanyaga, pedali zinazunguka, gurudumu halifuati. Meno madogo ndani ya frii, ile sehemu ya gurudumu la nyuma inayoliruhusu kuzunguka bila kukanyaga, yameshikwa na grisi nzito iliyoganda, hayafunguki tena kushika. Dawa yake ni kufungua frii kabla ya msimu, kuisafisha na kutia mafuta mepesi. Waya za gia na breki nazo hukwama maji yakiingia kwenye ala yake na kuganda. Matone machache ya mafuta mepesi huzuia hilo. Tena usiitoe baiskeli kwenye joto na kuitia moja kwa moja thelujini. Theluji huyeyuka juu ya chuma chenye joto, maji hutiririka katikati ya gia za nyuma, kisha huganda humo na mnyororo ukaanza kuruka. Iweke nje saa moja kabla ya kuondoka.

Beba pia akiba ya kile kipande kidogo cha alumini kinachoshika kihamisha mnyororo cha nyuma. Majani na matope yakijisokota humo, kipande hicho hukatika, na maumbo yake ni mengi mno kiasi kwamba cha mwenzako hakitaingia kwako. Pamoja nacho weka kiungo cha mnyororo kinachofungwa kwa mkono, cha idadi ileile ya gia: cha gia 11 hakifai kwenye 12.

Breki za diski ni bora hapa, lakini angalia pedi. Matope yenye mchanga husaga pedi laini haraka sana. Zile za unga wa chuma hupiga kelele zaidi na hudumu zaidi. Sehemu ya pedi inayosugua diski ikibaki chini ya milimita 1, badilisha. Madigadi ni heshima kwa aliye nyuma yako, hasa lenye ulimi mrefu, ila nafasi kati yake na tairi ikiwa chini ya kidole kimoja, matope yenye kunata yatajaa humo na gurudumu litagoma. Taa ya nyuma iwake mfululizo kwa mwanga mdogo. Inayometameta humtesa mwenzako kwa saa nzima.

Mavazi yana kanuni moja ngumu kuikubali: ukisikia raha umesimama pale mnapoanzia, umevaa kupita kiasi. Dakika 10 za kwanza zikuume kidogo. Ngozini weka sufu au kitambaa kinachopitisha jasho; pamba hunyonya maji na kuyashikilia. Kifuani weka kizuia upepo, kwa sababu nyuzi sifuri ukienda kilomita 25 kwa saa mwili huzihisi kama nyuzi 6 chini yake. Koti kavu la ziada likae juu kabisa ya begi, na mkisimama livae kabla hujagusa kitu kingine, hata kama si wewe mwenye pancha. Viatu viwe na nafasi: soksi nene ndani ya kiatu kinachobana huzuia damu na kuleta baridi zaidi. Glavu jozi mbili, na ya tatu nyembamba ya kufanyia matengenezo.

Chupa ya maji ijaze ya vuguvugu na uiweke kichwa chini, barafu ijikusanye kwenye kitako na mdomo ubaki wazi. Mwenye mfuko wa maji mgongoni apulize maji yarudi ndani kila anapomaliza kunywa, mrija usizibe. Kiu hupungua kwenye baridi ingawa mwili bado unapoteza maji, kwa hiyo kunywa kwa kufuata saa, si kiu, na ule kitu kila nusu saa bila kusimama. Simu ikae mfuko wa ndani. Betri ikipoa huzima hata ikiwa na chaji.

Kabla ya siku hiyo muulize kiongozi mambo matatu: mwendo wa wastani kwenye changarawe, mnasubiriana wapi, na pa kukatishia safari ni wapi. Usipige hesabu kwa kilomita. Anayekwenda 25 kwa saa kwenye lami atapata 15 hadi 18 kwenye mchanganyiko, na kwenye theluji 10 si aibu. Kikundi makini humweka mtu mmoja mzoefu nyuma kabisa, na katika njia panda hakuna anayekata kona kabla ya kumwona anayemfuata. Nafasi ya mita moja mliyoizoea kwenye lami iwe mita 3 hadi 5 kwenye changarawe, na 10 palipo barafu. Barafu itarajie kwenye madaraja na vivulini. Ukiikuta, usifunge breki wala kugeuza usukani. Legeza mabega, kanyaga polepole, pita umenyooka, kisha paza sauti kwa walio nyuma. Makovu ya magurudumu yaliyoganda asubuhi hushika tairi kama reli, na kufikia mchana huwa matope, kwa hiyo njia mliyokwenda nayo si ileile mtakayorudi nayo.

Mwenzako akianza kuangusha vitu na kusema kwa ulimi mzito, msiendelee kujadili njia. Mvisheni nguo kavu, mpeni kitu kitamu, mtafute paa na usafiri. Akiacha kutetemeka bila kuwa amepata joto, hali imezidi kuwa mbaya. Ombeni msaada wa dharura hapohapo.

Ukirudi nyumbani, suuza chumvi ya barabarani siku hiyohiyo kwa maji yasiyo na shinikizo, kausha mnyororo, utie mafuta, halafu pima tena unene wa pedi.