Majimaji ya njano chini ya kitanda cha motahomu

SWALI

Mhariri wa ukurasa wa magari, salaam. Ninaishi na familia yangu katika jimbo la Ohio, Marekani. Tulinunua motahomu ya mtumba, yaani gari lenye vitanda, jiko na choo ndani yake, iliyojengwa juu ya chasisi ya Ford E-450 ya mwaka 2006. Kila tukirudi safarini tunakuta zulia la chini ya kitanda cha nyuma limelowa majimaji ya njano, yenye utelezi na harufu tamu kidogo. Gari likiwa limeegeshwa nyumbani hapalowi, hata mvua ikinyesha usiku kucha. Fundi mmoja alisema paa linavuja, akaliziba, tukalipa fedha nyingi, na hali ni ile ile. Jirani yetu anadhani ni ile dawa ya rangi ya waridi inayotiwa kwenye mabomba majira ya baridi ili yasipasuke. Binti yetu mdogo hulala kitanda hicho, na tuna paka. Majimaji haya yanatoka wapi?

Msomaji, Columbus

JIBU

Ndugu msomaji, kabla ya kutafuta chanzo, mhamishie binti yako kitanda kingine na umzuie paka asifike hapo. Kwa dalili ulizozieleza, ninaamini hiyo ni kulanti, yaani majimaji ya kupozea injini, na kulanti ya kawaida hutengenezwa kwa ethilini glikoli, sumu inayoharibu figo na ambayo utamu wake huwavutia watoto na wanyama. Asiionje mtu yeyote, hata kwa nia ya kuitambua. Ikitokea mtoto ameilamba, pigeni simu mara moja kwa kituo cha ushauri wa sumu cha huko Marekani, namba 1-800-222-1222, bila kusubiri dalili. Na paka apelekwe kwa daktari wa mifugo saa hiyo hiyo.

Fundi wenu alitazama mahali palipolowa, akapandisha macho juu yake. Ndani ya motahomu njia hiyo hupotosha, kwa sababu majimaji hufuata mbao za sakafu na mikunjo ya zulia, yakatuama mbali na yalikoanzia. Swali la kwanza liwe ni wakati gani yanatoka. Paa linalovuja hulowesha mvua inaponyesha. Bomba la maji safi huvuja pampu inapowashwa, na utaisikia pampu ikinguruma yenyewe kila baada ya muda ijapokuwa bomba zote zimefungwa. Yenu yanatoka gari linapotembea, yaani injini inapopata moto na kuisukuma kulanti kwa shinikizo. Dawa ya waridi anayoitaja jirani hukaa kwenye mabomba ya maji ya matumizi, hayo ambayo injini haiyagusi.

Mtu aweza kuuliza kulanti imefikaje chumba cha nyuma ilhali injini iko mbele. Motahomu nyingi za aina yenu zina hita ya ziada chini ya kitanda au chini ya kiti cha meza, ambayo kwa hakika ni rejeta ndogo yenye feni, nayo huletewa kulanti ya moto kwa mipira miwili inayopita chini ya sakafu. Nyingine hupitisha kulanti hiyo kwenye tangi la kuchemshia maji ya kuogea, lile la lita 23 hivi. Wanunuzi wengi wa mtumba hawajui kwamba kifaa hicho kipo, na mpira uliokaa karibu miaka 20 hukakamaa na kulegea pale kwenye kibano.

Injini ikiwa imepoa kabisa, weka alama kwenye tangi la akiba la kulanti, kisha inua ubao wa kitanda ufuate mipira hiyo kwa tochi. Tafuta ukoko mweupe au wa kijani kwenye maungio, kwani kulanti inayovuja polepole huacha ukoko inapokauka. Futa kila kitu kikauke, zungushia kila ungio karatasi nyeupe ya chooni, washa injini na hita ya nyuma mpaka joto lifike kiwango chake cha kawaida, halafu kagua karatasi moja moja. Karatasi ya ungio ikilowa, badilisha mpira na kibano vyote viwili, maana kukaza kibano juu ya mpira mkavu ni kuahirisha tatizo. Karatasi zote zikiwa kavu na sanduku la hita limelowa upande wa chini, rejeta ndogo yenyewe imetoboka.

Usipoona kitu, mwombe fundi aitenge hita ya nyuma: aunganishe mpira wa kwenda na wa kurudi kule mbele, karibu na injini, ili kulanti isifike nyuma kabisa. Safiri hivyo. Kulanti ikibaki kwenye alama na sakafu ikabaki kavu, mvujo uko kwenye mipira mirefu au kwenye kifaa cha nyuma. Kipimo hiki nakipenda kuliko vyote, kwa sababu hakigharimu sana na bado kinawaruhusu kulitumia gari mkisubiri vipuri.

Mfuniko wa tangi la kulanti usifunguliwe injini ikiwa ya moto. Wala msijazie maji matupu, kwa kuwa baridi ya Ohio itayagandisha na kupasua rejeta. Kulanti na maji yaliyosafishwa, nusu kwa nusu, hustahimili baridi ya takribani nyuzi 37 chini ya sifuri. Tumieni aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, na baada ya matengenezo fundi aitoe hewa iliyonaswa kwenye mipira hiyo mirefu.

Glikoli haikauki upesi kama maji. Sponji iliyo chini ya zulia itupwe, na mbao zioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni hadi utelezi uishe kabisa, ndipo binti yenu arudishiwe kitanda chake.