Hilux ya Kaka au D-Max ya Mume? Jibu kwa Mnunuzi wa Samaki wa Ngomeni

SWALI: Salaam, Bwana Mhandisi. Mimi ni mama wa biashara ya samaki. Nanunua kwa wavuvi hapa Ngomeni na kupeleka Malindi, na mara mbili kwa wiki hufika hadi Mombasa. Kaka yangu ana Toyota Hilux, mume wangu ana Isuzu D-Max, na kwa miaka minne sasa hawajakubaliana ni ipi ya kutegemewa. Kaka husema Toyota hata ikichoka ina mnunuzi, na kila fundi kutoka Gongoni hadi Mtwapa anaijua. Mume wangu husema Isuzu ndiyo ya mzigo, na injini yake haidai kubadilishiwa mkanda. Mimi nimeweka akiba ya kununua pikapu yangu mwenyewe, iliyotumika, na kila mmoja ananiambia nikichukua ile ya mwenzake nitajuta. Wewe unayeyafungua magari haya kila siku, ni ipi isiyoharibika? — Msomaji, Ngomeni.

JIBU: Dada yangu, wa alaykum salaam. Nikujibu kwanza kwa ufupi ili usikae ukingoja: zote mbili huharibika. Kwa mzigo wako na njia yako, linaloamua kama pikapu itakuwa bado inakufikisha Mombasa miaka mitano ijayo ni hali ya chasi yake, yaani fremu ya chuma iliyobeba gari lote, siku utakayoinunua, na maji utakayoioshea kuanzia siku hiyo. Jina lililoandikwa kwenye mlango wa nyuma linakuja mbali baada ya hayo mawili.

Ugomvi wa kaka yako na mume wako naujua vizuri, maana hauishi gerejini kwangu. Wote wawili husema kweli, ila hawapimi kitu kimoja. Kaka yako anapima urahisi wa kuuza na wa kumpata fundi; mume wako anapima kazi ya gari likiwa limebeba. Wanaweza kubishana hadi alfajiri na kila mmoja akawa amesema kweli, bila hoja ya mmoja kuigusa ya mwenzake. Tena kila mmoja ana gari moja tu, na gari moja haliwezi kuwa shahidi wa maelfu yaliyotoka kiwandani pamoja nalo. Nimeona pia katika kazi yangu kwamba mtu akishaliamini jina la gari lake hulibadilishia oili na filta kwa wakati, na yule ambaye moyo wake umeshalikataa huahirisha matengenezo akisubiri siku ya kuliuza. Lililotunzwa likidumu, sifa hupewa jina, na mkono uliolitunza hausemwi. Hata zile Hilux kuukuu unazoziona zikishuka kutoka Marafa zimejaa mananasi ni zile zilizobaki. Zilizokufa hazipo barabarani kutoa ushahidi wao.

Kuna jambo moja ambalo wamiliki wengi hawalijui, nami ningependa ulisome mbele yao wote wawili. Hilux za dizeli za kizazi kilichoanza mwaka 2005 na kuishia 2015, zenye injini za 2KD na 1KD, na D-Max zenye injini za 4JK1 na 4JJ1, zote hupata pampu zao za mafuta na nozeli, yaani vinyunyizio vya mafuta ndani ya injini, kutoka kampuni moja ya Japani, Denso, ambayo ilikuwa sehemu ya Toyota hadi ilipojitenga mwaka 1949. Kwa hiyo dizeli chafu ikiingia, inayoumia ni kazi ya kiwanda kimoja, na haidhuru gari lina jina gani. Pampu hizi hulainishwa na dizeli ile ile inayopita ndani yake, na mafuta ya taa hayana ulainishaji wa kutosha. Mwaka 2018 Serikali ya Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa kwa sababu wauzaji wengi walikuwa wakiyachanganya na dizeli ili wapate faida. Anayenunua dizeli ya madumu kando ya njia, kisha pampu ikamfia, asiilaumu Toyota wala Isuzu. Wewe nunua kwenye kituo chenye wateja wengi, na kila wiki mwambie dereva wako afungue kiziba cha chini cha filta ya dizeli atoe maji yaliyotuama.

Kuhusu mkanda, mume wako yuko sahihi kwa nusu. Injini za 2KD na 1KD zina mkanda wa taimingi, ule unaoziendesha vali ziende sawa na pistoni, ambao hubadilishwa takriban kila kilomita 150,000, na kwa njia za vumbi na joto kama zetu mimi hushauri usingojwe kufika huko, kwa sababu ukikatika vali hugongana na pistoni na injini nzima hufunguliwa. D-Max ya 4JK1 na 4JJ1 ina cheni. Lakini Hilux zilizotoka kuanzia mwaka 2015 zenye injini za 2GD na 1GD nazo zina cheni, na ukinunua moja ya hizo hoja ya mkanda imekwisha. Cheni nayo haidumu milele; oili ikizeeka huichakaza pole pole, na dalili yake ni mlio wa kukwaruza mbele ya injini asubuhi unapoiwasha ikiwa baridi.

Ukielekea kwenye Hilux ya 2KD au 1KD, kuna kitu kikubwa zaidi ya mkanda ambacho kaka yako huenda hakukutajia. Chini ya kila nozeli mna washa ndogo ya shaba inayozuia moshi wa silinda usipande juu. Washa hiyo ikichoka, moshi hupenya hadi kwenye oili, oili huganda na kuwa kama lami, na ile lami huziba chujio lililo ndani ya sampu, bakuli la oili chini ya injini, ambako oili hufyonzwa. Injini hukosa oili ilhali kijiti cha kupimia kinaonyesha kwamba imejaa. Nimeona watu wazima wakilia kwa ajili ya kifaa ambacho bei yake ni ndogo kuliko kikapu cha dagaa. Mwenye gari akikuambia washa zilibadilishwa, mwombe fundi wake athibitishe. Akikosa jibu, tenga fedha za kuzibadilisha na kushusha sampu kabla gari halijaanza kazi.

Sasa nije kwenye chumvi, na hapa naomba unisome kwa makini kuliko kwingine kote. Njia yako ya kutoka Gongoni hadi Ngomeni hupita kando ya mabwawa ya chumvi, upepo huleta umande wa bahari hadi uani unakoliegesha gari, na masanduku ya samaki huvuja maji ya barafu yaliyochanganyika na maji ya bahari kwenye bodi la nyuma, kisha hushuka kwenye chasi. Chumvi ina tabia ya kuvuta maji kutoka hewani: unyevu wa hewa ukipita takriban asilimia 75, hujiyeyusha yenyewe na kuwa maji ya chumvi. Hapa Pwani unyevu hupita kiwango hicho karibu kila usiku, kwa hiyo chasi iliyoshika chumvi haikauki hata kama haijanyeshewa tangu mwezi uliopita. Mtu wa Nakuru anaweza kuwa na gari la mwaka mmoja na lako, la jina moja na lako, na chasi yake ikawa bado ina rangi ya kiwandani wakati yako inamenyeka kama gome la mti.

Kibaya zaidi ni kwamba kutu hii huanza ndani. Sehemu kubwa ya chasi ni mihimili yenye uwazi ndani kama sanduku refu, nayo ina matundu ya kutolea maji. Mchanga wa njia zetu huziba matundu hayo, tope lenye chumvi hukaa ndani, na chuma huliwa kuelekea nje huku rangi ya juu ikiendelea kung'aa. Kampuni ile ile ambayo kaka yako anaiapia iliwahi kufikishwa mahakamani Marekani kwa jambo hili: mwaka 2008 Toyota ilianza kununua tena pikapu za Tacoma za miaka ya 1995 hadi 2000 ambazo chasi zake zilioza mno kutengenezeka, na mwaka 2016 ikakubali mapatano yaliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4 kuhusu magari yapatayo milioni 1.5 ya Tacoma, Tundra na Sequoia. Kule chumvi humwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Hapa huletwa na bahari. Sikutajii kisa hiki ili mume wako ashangilie, maana chuma cha Isuzu nacho ni chuma. Nakitaja kwa sababu kinaonyesha kwamba hata jina linaloaminiwa kuliko yote halimlindi mtu dhidi ya chumvi.

Miaka michache iliyopita mzee mmoja aliniletea pikapu aliyoinunua wiki mbili kabla, akitaka nimwekee matairi tu. Jina lake sitalitaja. Kwa nje ilikuwa safi, na chini ilikuwa imepakwa rangi nyeusi nzito ambayo muuzaji aliiita kinga. Nilipoichoma kwa bisibisi juu ya ekseli ya nyuma, pale springi zinapoungwa na chasi, bisibisi ilizama hadi kwenye mpini. Yule mzee alikwenda akakaa chini ya mwembe, asiseme neno kwa muda mrefu, kwani fedha zile zilikuwa za kiinua mgongo chake. Kuanzia siku ile, rangi mbichi chini ya gari la kuuzwa huniongezea shaka.

Kwa hiyo ukaguzi wako uwe hivi. Gari lipandishwe juu, kwenye shimo au kwenye jeki zenye vigingi imara, na fundi agonge chasi kwa nyundo ndogo kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya kufa kama boga. Achunguze zaidi maeneo ya springi za nyuma, nyuma ya kebini, na juu ya tangi la mafuta ambako mkono haufiki kwa urahisi. Aingize waya kwenye matundu ya kutolea maji aone kinachotoka. Vikitoka vipande vya kutu vya bapa, ondokeni. Pakionekana bati lililochomelewa juu ya mhimili, ulizeni lilifunika nini. Halafu tazama katika logibuku gari lilisajiliwa kwa nani, na mwulize muuzaji limekaa miji gani. Kama una nafasi ya kwenda kununua bara, nenda: kati ya Hilux iliyoishi Watamu na D-Max iliyoishi Eldoret nitachukua D-Max, na kama mambo ni kinyume chake nitachukua Hilux, bila kuwaza mara mbili.

Baada ya kulinunua, lioshe chini kila jioni ya siku uliyobeba samaki, na uangalie sana ni maji gani. Visima vingi vya karibu na ufuo vina maji ya chumvi, na nimeona madereva wakiyatumia kwa bidii wakidhani wanaokoa gari. Tumia maji ya mfereji yanayotoka Baricho, au ya mvua, na uelekeze mpira ndani ya matundu ya chasi hadi yatoke meupe. Mara moja kwa mwaka, kiangazi, mhimili ukiwa mkavu kabisa, upulizwe nta ya kuzuia kutu kwa ndani. Oili chafu ya injini, ambayo wengi huipaka kwa sababu haina bei, hulainisha na kuvimbisha bushi za mpira na huchuruzika ardhini, siipendekezi. Chini ya masanduku ya samaki weka turubai nzito isiyopitisha maji, yenye mtaro wa kutoa maji nje ya bodi badala ya kuyaacha yashuke chini.

Na mzigo, dada yangu. Pikapu hizi zimeundwa kubeba karibu tani moja. Tangi la lita 1,000 likijaa maji limeshafika tani hiyo kabla hujaweka samaki, barafu na vijana wanne wa kupakua. Mafundi wengi watakushauri uongeze majani ya springi, na gari halitainama tena, lakini uzito haujapungua. Umehamishiwa kwenye chasi nyuma ya kebini, na hapo ndipo nyufa huanza. Nguvu ya injini ambayo mume wako anaisifu ni ya kweli, ila haiongezi unene wa chuma.

Ukipata mbili zenye chasi nzima sawasawa, ushauri wangu ni huu. Kama utakaa nalo hadi lizeeke mikononi mwako, chukua D-Max ya 4JJ1, kwa kuwa inavuta mzigo bila kuhangaika na cheni yake itakupunguzia gharama moja kubwa. Kama unakusudia kuliuza baada ya miaka mitatu ili upanue biashara, chukua Hilux, maana kuhusu mnunuzi kaka yako hakukosea. Usilipe hata amana kabla gari halijapandishwa juu. Mwambie muuzaji asiioshe injini wala kuiwasha asubuhi hiyo, ili fundi aisikie ikiwaka baridi, na siku hiyo ongozana na kaka yako na mume wako pamoja, kila mmoja achome bisibisi kwa mkono wake mwenyewe.