Kabla hujaisifu dawa wala kuilaumu: ushauri kwa anayeanza kazi maabara ya lenzi ya jicho

Toa lenzi ya ndama vizuri kabisa, iweke kwenye barafu, nenda kanawe mikono. Ukirudi utaikuta imekuwa nyeupe katikati kama tone la maziwa. Mwanafunzi mgeni huandika "mtoto wa jicho" kwenye daftari na kuitupa. Aliyezoea huipasha moto hadi nyuzijoto 37 na kusubiri, na weupe wote huondoka. Huo ni mtoto wa jicho wa baridi. Unatokana na kristalini za gama, protini zilizosongamana zaidi kwenye kiini cha lenzi: joto likishuka hujikusanya pamoja na kujitenga na maji, na mwanga ukipita hapo hutawanyika. Lenzi za panya wachanga hufanya vivyo hivyo, za wanyama waliokomaa si rahisi.

Makosa mengi ya miezi ya mwanzo yana sura hiyohiyo. Lenzi imebadilika kweli, lakini iliyoibadilisha ni mikono yako, si kemikali unayoichunguza. Lenzi haina mishipa ya damu. Upande wa mbele ina safu moja tu ya seli za epithelia, na nyuma ya safu hiyo ni nyuzi ambazo, zikishakomaa, hazina viini vya seli wala mitokondria. Takriban theluthi ya uzito wake ni protini, na nyingi kati ya hizo zitakaa humo maisha yote ya mnyama bila kubadilishwa. Kitu kama hicho ukikiumiza hakiponi. Kinachokuja baadaye ni ukungu, na ukungu wa jeraha unafanana sana na ukungu unaoutafuta.

Kwa hiyo tuanze na mikono.

Macho ya machinjioni hayakusubiri wewe, ndiyo maana kila kitu huandaliwa jana yake: kioevu cha kuoteshea, vyombo vilivyochemshwa kwa mvuke, karatasi ya kuchuja, lebo zilizoandikwa tayari. Jitahidi lenzi iwe ndani ya kioevu katika saa chache za mwanzo baada ya mnyama kuchinjwa. Jicho lisafirishwe zima, likiwa limepozwa lakini lisigusane na barafu moja kwa moja.

Ingia kwa nyuma. Lilaze jicho konea ikiwa chini juu ya shashi yenye unyevu, kata dirisha kuzunguka neva ya jicho, kisha pasua ukuta kwa mikato minne kuelekea mbele na kuufungua kama maganda ya chungwa. Ute uliojaa ndani usiuvute. Kwa wanyama wachanga umeshikana na mgongo wa lenzi, na mgongo ndiyo sehemu ambayo kapsuli, yaani utando unaoifunika lenzi, ni nyembamba kuliko kwingine kote. Ukivuta, kapsuli inachanika bila wewe kuona. Ukate kwa mkasi, kidogo kidogo. Halafu kata vijikamba vinavyoishikilia lenzi, ncha ya mkasi ikitazama nje, karibu na ukuta wa jicho na mbali na lenzi. Isibanwe kwa kibano chenye meno hata mara moja. Ichukue kwa kitanzi cha waya au iache iteleze yenyewe ndani ya kioevu chenye joto. Vipande vyeusi vya irisi vikibaki pembeni, iviringishe polepole juu ya karatasi ya kuchuja iliyoloweshwa.

Sasa inakuja hatua ambayo wengi huiruka kwa haraka ya kuanza jaribio, nami naiona kuwa hatua muhimu kuliko zote za siku hiyo. Weka kila lenzi kwenye kisima chake, na kwa ya panya mililita 2 za kioevu cha kuoteshea kiitwacho M199 zinatosha. Iache kwenye inkubeta yenye nyuzijoto 37 na kabonidioksidi asilimia 5, upande wa epithelia ukiwa juu. Baada ya saa chache pima protini iliyovuja kwenye kioevu. Lenzi nzima haivujishi karibu chochote. Iliyotobolewa itajitenga na wenzake waziwazi, hata kama kwa macho bado inang'aa. Itoe. Iangalie tena siku inayofuata, na hapo ndipo ugawe makundi. Ukianza na lenzi 20 ukabaki na 14 nzuri, una jaribio. Ukilazimisha zote 20, zile sita zitakutungia matokeo.

Kioevu chenyewe nacho kina mitego. Bila kabonidioksidi ya kutosha asidi inapungua, na rangi nyekundu inaelekea zambarau. Ukiona hivyo usiendelee. Mkolezo wa chumvi na sukari kwa jumla uwe karibu na miliosmoli 290 hadi 300, na pima kwa mashine, usiamini hesabu ya karatasini pekee. Anayechunguza kisukari huongeza glukosi milimola 50 na kushangilia lenzi inapovimba au kunywea, akisahau kwamba ameongeza pia miliosmoli karibu 50. Lazima kuwe na kundi lingine lenye manitoli, aina ya sukari isiyo glukosi, ya kiasi hichohicho, la sivyo hujui umepima sukari au mvutano wa maji.

Haidrojeni peroksaidi, inayotumika kuiletea lenzi ukungu kwa kuioksidisha, ndiyo huharibiwa na uzembe kuliko zote. Chupa iliyoandikwa asilimia 30, ambayo ni karibu mola 9.8, ikishafunguliwa mara kadhaa haina tena nguvu iliyoandikwa. Ipime siku ya kazi. Ichanganye sehemu moja kwa elfu, isome kwenye nanomita 240 za mwanga ukitumia kikombe cha kupimia cha kwatsi, maana plastiki ya kawaida na glasi huufyonza mwanga huo. Kwa kigawo cha 43.6 kwa mola kwa sentimita, chupa nzima itakupa usomaji wa karibu 0.43. Ukipata 0.25 ujue umekuwa ukiweka kidogo kuliko ulivyoandika. Tena, kagua orodha ya vilivyomo kwenye kioevu cha kuoteshea: chenye piruvati hula peroksaidi kabla haijafika kwenye lenzi. Seramu nayo huimaliza. Wapo waliotangaza kwamba dawa yao inalinda lenzi kumbe kilicholinda ni piruvati. Nayo lenzi yenyewe huivunja peroksaidi saa baada ya saa, hivyo dozi moja ya asubuhi si sawa na mkolezo uleule kutwa nzima.

Kupiga picha ni rahisi, ila usibadilishe chochote katikati. Lenzi juu ya wavu wa mistari, taa ileile, umbali uleule, muda uleule wa kamera. Watu wawili watoe alama za ukungu bila kujua lenzi ipi ni ya kundi lipi. Na hesabu wanyama, si lenzi: macho mawili ya panya mmoja aliyepewa dawa ni ushahidi mmoja. Kwenye kisahani mambo yanageuka kuwa faida, kwa sababu lenzi ya kulia ukiitibu na ya kushoto ukaiacha, unalinganisha mnyama na nafsi yake.

Wanaotumia selenaiti ya sodiamu, sumu ya kuleta mtoto wa jicho, kwa panya wachanga wajue kwamba dirisha ni dogo. Hufanya kazi kabla macho hayajafunguka na kukomaa, kwa kawaida siku ya 10 hadi ya 14 hivi, kwa mikromola 19 hadi 30 kwa kilo, na ukungu wa kiini huonekana ndani ya siku chache. Mtoto mmoja mmoja apimwe uzito wake; kukadiria kwa wastani wa kizazi huua wadogo na kuwaacha wakubwa bila athari. Wakishakua, sumu hiyohiyo haileti ukungu huo. Kibali cha kamati ya maadili kiwe mkononi kabla ya kuagiza wanyama, na mwongozo wa ARVO, chama cha watafiti wa macho, kuhusu wanyama katika utafiti wa macho usomwe wote, maana majarida ya fani hii yatakuuliza. Mtazamo wangu ni kwamba mfano huu unafaa kujaribu wazo haraka, lakini usiuite uzee. Kalsiamu inaingia ghafla, kalpaini, yaani vimeng'enya vinavyoamshwa na kalsiamu, zinakatakata protini kwa siku chache. Jicho la mzee huchukua miongo.

Kalpaini hizohizo zitakusumbua ukianza kusaga lenzi. Bafa ya Trisi isiyo na EDTA, kemikali inayonasa kalsiamu, inaziachia kalsiamu hiyo, na zitaendelea kukata protini ndani ya kijichupa chako. Weka EDTA tangu mwanzo, fanya kazi kwenye barafu, zungusha kwa sentrifuji kwa nusu saa, tenga maji na mashapo. Mashapo huyeyushwa kwa yurea mola 8. Usiipashe moto yurea hiyo kwa haraka ya kuyeyusha: ikipata joto hutoa sayaneti, inayojibandika kwenye protini na kuongeza daltoni 43 (kipimo cha uzito wa molekuli) kila inapojibandika. Mabadiliko hayohayo hutokea kwenye lenzi za wagonjwa, kwa hiyo utakuwa umejitengenezea ugonjwa maabarani. Yurea itengenezwe siku ileile, itumike ikiwa ya joto la chumba.

Kupima protini kwa BCA, kipimo kinachotegemea shaba kubadilika rangi, katika lenzi ni hatari ya kimyakimya. Lenzi imejaa glutathioni, molekuli ndogo inayoikinga dhidi ya kuoksidika, na glutathioni huigeuza shaba ya kipimo hicho kama protini inavyofanya. Kundi lililopoteza glutathioni litaonekana lina protini chache, na hesabu zote zilizogawanywa kwa protini zitapinda. Tumia kipimo cha Bradford, cha rangi isiyotegemea shaba, au ondoa molekuli ndogo kwanza.

Glutathioni yenyewe haisubiri. Lenzi ikitoka kwenye kioevu ifutwe sekunde chache, ipimwe uzito, isagwe moja kwa moja ndani ya asidi, kwa mfano ya metafosforiki asilimia 5. Ukisaga kwenye bafa ya kawaida ukaenda kula, itaoksidika na utaandika kwamba dawa imeimaliza. Kabla ya kuongeza kitendanishi cha Ellman, kinachotoa rangi ya njano kikikutana na glutathioni, rudisha hali iwe karibu pH 8, kwa kuwa kwenye asidi rangi ya njano haitokei ipasavyo. Isome kwenye nanomita 412.

Kwenye jeli ya kutenganisha protini kwa umeme, kristalini zote zinabanana kati ya kilodaltoni 20 na 30, na ndizo karibu asilimia 90 ya protini zinazoyeyuka. Pakia mikrogramu 5 hadi 10 tu. Ukipakia 30 kama ulivyozoea kwa ini, utapata doa moja pana la bluu. Kama unatafuta protini nyingine iliyo chache, chukua epithelia peke yake: bandua kapsuli ya mbele, ndipo usage.

Seli za kuoteshwa za epithelia ya lenzi ya binadamu zinafaa kwa kuuliza kuhusu ishara za seli na kufa kwake. Zipime maikoplazma, bakteria wanaochafua seli za maabara, zithibitishwe utambulisho, na uangalie kama bado zina protini za PAX6 na kristalini ya alfa A, kwani zilizopitishwa mara nyingi hupoteza tabia ya lenzi. Hazifanyi ukungu. Seli zikifa kwa asilimia 40, andika kwamba zimekufa, na neno mtoto wa jicho libaki kwa lenzi nzima.

Daftari nalo lisibebe matokeo peke yake. Andika saa ya kuchinjwa, saa ya kutoa, uzito wa kila lenzi, protini iliyovuja, namba ya chupa ya kioevu, na lenzi zilizotupwa pamoja na sababu yake. Msimamizi akikuuliza kwa nini kundi la Jumanne ni tofauti na la Alhamisi, jibu mara nyingi liko kwenye moja ya safu hizo sita.